Bi Rula na Daraja Lililokataa Behewa

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Rula alinakili michoro ya madaraja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama juu ya hata moja kati ya hayo yaliyopita chini ya kalamu yake.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha michoro cha shirika la reli, orofa ya pili, upande unaopata jua la asubuhi. Wahandisi walichora kwa penseli, wakafuta, wakarudia, wakafuta tena, mpaka karatasi ikawa kama shati la fundi wa gereji. Ndipo ilipoletwa mezani kwa Bi Rula. Yeye alitandika juu yake karatasi nyingine nyembamba inayoonyesha vilivyo chini, akaibana pembe nne, akachovya kalamu kwenye wino mweusi na kufuata kila mstari, kila tundu la ribiti inayofunga chuma kwa chuma, kila tarakimu. Mchoro wake ndio uliotolewa nakala na kupelekwa kwa mafundi huko porini. Ukikosea upana wa unywele hapa, mtu asiyekujua atakata chuma kwa kosa lako kule. Bi Rula hakukosea. Wenzake walisema hata akipiga chafya mstari haupindi.

Jina walimpa wao, kwa sababu ya rula fupi ya chuma aliyotembea nayo kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na kitana. Siku moja muuza vitambaa alimkatia mita mbili na nusu, Bi Rula akatoa rula yake, akapima taratibu toka ncha hadi ncha, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaamua wote kupimiwa upya. Muuza vitambaa yule hadi leo akimwona kwa mbali huongeza sentimeta tano bila kuambiwa.

Kompyuta zilipoingia ofisini, hakugombana nazo. Alifundishwa, akajua, akaona hazina haja ya mkono wake, na umri wa kustaafu ulipofika akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Huko ndiko mambo yalipomshinda. Mume wake alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndicho saluni yake, kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilijaa watu na soga. Bi Rula alifagia palipofagiwa. Alipanga upya vikombe vilivyopangwa. Binti yao, aliyekuwa muuguzi na mwenye nyumba yake, alipokuja kumjulia hali alimkuta amenyoosha fremu za picha zote ukutani kwa rula, na akamnong'oneza baba yake kwamba mama asipopata la kufanya atampima na yeye.

Dawa ilikuja ndani ya boksi la maandazi. Mteja mmoja alikuwa anahama mji, akaacha saluni vitu asivyotaka kubeba. Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea kilichokosa magurudumu ya upande mmoja, mabehewa manne, na vipande vya reli vya kuunganisha. Kinyozi alitaka kuwapa watoto wa jirani. Bi Rula alichukua kipande kimoja cha reli, akatoa rula, akapima nafasi kati ya chuma na chuma, kisha urefu wa taruma moja, ule ubao unaolala chini ya reli, na nafasi hadi taruma la pili. Halafu akasema watu waliotengeneza kitu hiki walikuwa na mchoro wa kweli mbele yao, si wa kubuni. Boksi likaenda chumba cha nyuma, na watoto wa jirani wakasahauliwa.

Chumba hicho kilikuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Bi Rula aliung'oa mlango wake kwenye bawaba, akaulaza juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango huo akaanza kutandaza reli. Wifi yake, dada wa Kinyozi, mwanamke asiyeficha neno, alipoona hayo alisema wenzake wakistaafu wanalea wajukuu, yeye analea mabehewa. Bi Rula akamjibu bila kuinua uso kwamba mabehewa hayaombi maziwa.

Kidogo kidogo mji mzima ukajua. Alipita kwa mafundi redio, kwa wauza vyuma chakavu, kwenye mitumba ambako vitu vya kuchezea hutupwa chini ya rundo la viatu, akitafuta treni. Ndani ya miaka miwili alikuwa na vichwa vya treni kumi na kimoja, vinne vizima na saba alivyoviita wagonjwa. Hakuna alichotupa. Kimoja kilichounguliwa na mota alikipa mota ya mashine ya kunyolea ya mume wake iliyokuwa imekufa nusu, akaifufua. Tangu hapo kila kikipita kilinguruma sauti ileile ya saluni, na wateja waliokuwa wakisubiri walijikuta wakijishika kichwa. Nyembe zilizochakaa za Kinyozi zikawa visu vyake. Hata nywele hazikusalimika. Alizifagia sakafuni, akazichemsha, akazitia rangi ya kijani na kuzibandika kwa gundi kwenye vilima vya karatasi, zikawa nyasi nzuri kuliko nyasi. Mvi za wazee alizihifadhi pembeni kwa ajili ya povu la mto. Mwalimu mmoja mstaafu aliingia, akatazama bonde lile kwa muda mrefu, akauliza kwa adabu kama anaweza kuonyeshwa shamba lake.

Lakini treni kwa Bi Rula zilikuwa kisingizio. Alichotaka ni madaraja.

Na michoro yake alikuwa nayo, japo hakuwahi kuiba hata karatasi moja. Zamani, nakala ikiharibika pale ofisini, ikatoka na doa au ukungu, wafanyakazi waliruhusiwa kuibeba nyumbani kufungia vitu. Bi Rula alitandika zake kwenye rafu za kabati la vyombo. Kwa hiyo asubuhi moja aliondoa sahani zote, na chini yake, likiwa na alama za duara za sufuria na harufu ya bizari, lilikuwapo Daraja Namba Kumi na Saba: daraja refu la chuma juu ya mto, mianya mitatu kati ya nguzo, na mlango wake wa chuma kila upande wenye miguu miwili iliyosimama wima kama askari. Alilinakili akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Alikumbuka hata siku aliyopiga mstari wa mwisho, kwa sababu ndiyo siku binti yake aling'oka jino la kwanza.

Kulijenga kulimchukua miezi minane. Alikata makopo ya maziwa vipande vyembamba kwa nyembe, akavinyoosha, akaviunganisha kwa risasi ya kulehemu. Ribiti alizitengeneza kwa kugandamiza bati kwa nyuma kwa sindano butu, moja baada ya nyingine, zikatokeza mbele kama vipele vidogo. Zilikuwa elfu mbili mia moja na arobaini. Kinyozi alimuuliza nani atazihesabu. Mkewe akamwambia yeye mwenyewe ameshazihesabu, na mchoro umezihesabu kabla yake.

Siku ya kuvusha treni ilikuwa Jumamosi alasiri, saluni imejaa. Watu walijibana mlangoni, mmoja sabuni ikiwa bado shavuni. Kichwa cha treni kikapita darajani, kikinguruma. Mabehewa mafupi ya mizigo yakafuata. Mwisho likaja behewa la abiria, refu kuliko yote, ambalo Bi Rula alilipata wiki ile tu kwa fundi redio. Lilipofika mlango wa daraja, pembe yake ikagonga mguu wa kushoto, tak, likainuka na kuanguka ndani ya mto wa mvi. Watu wakacheka. Bi Rula akalirudisha, akapitisha tena. Tak. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, kwa kuwa walimwona uso wake.

Walipotawanyika Kinyozi alimshauri aipige msasa ile pembe kidogo, nani atajua.

"Mimi nitajua," Bi Rula alisema. "Na behewa halina kosa."

Siku tatu alipima. Alipima daraja, likawa sawa na mchoro. Alipima behewa, likawa sawa na mabehewa ya kweli kwa kadiri ya udogo wake. Alipima kona ya reli, ambayo aliitandaza kwa kufuata karatasi nyingine, ile ya njia yenyewe, iliyokuwa rafu ya chini chini ya masufuria. Hiyo nayo ikawa sawa. Kila kitu kilikuwa sawa na behewa halipiti. Siku ya nne alizichukua karatasi mbili, ya daraja na ya njia, akazibandika dirishani moja juu ya nyingine ili mwanga upite, akasogea nyuma.

Hapo ndipo alipoliona kosa. Kona ya reli ilianzia pale pale kwenye mlango wa daraja. Na behewa refu kwenye kona halijikunji kama nyoka. Linabaki limenyooka kama ubao, tumbo linachomoza upande mmoja na pembe zinachomoza upande wa pili. Aliyechora daraja alidhani reli inaingia imenyooka. Aliyechora njia alidhani daraja ni pana. Kila mmoja alikuwa amepatia kwenye karatasi yake. Karatasi hizo hazikuwahi kuonana, si ofisini wala kwenye kabati, ambako zilikaa miaka ishirini na sita rafu juu ya rafu.

Na zote mbili zilipita mkononi mwake, moja ikiwa imetangulia nyingine kwa wiki tatu.

Hakula mchana huo. Kinyozi alifunga saluni mapema akaja kukaa naye, akamwambia maneno ambayo mume mwema humwambia mkewe: kwamba kazi yake ilikuwa kufuata mstari, si kuuhoji, kwamba waliosoma vyuo ndio waliokosea. Bi Rula alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Kinyozi hulirudia hadi leo kwa wateja wake, akiwa na mkasi hewani.

"Mstari niliufuata kwa macho mawili. Hakuna aliyenikataza kutumia la tatu."

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomkera zaidi ya aibu. Treni za kweli zilikuwa zikivuka Namba Kumi na Saba kwa robo karne, mabehewa marefu kwa mafupi, na hakuna lililoanguka mtoni. Basi huko kuna mtu aliyejua asichokijua yeye. Jumatatu, siku ambayo nywele za watu huwa bado fupi, walipanda basi la asubuhi, yeye na mumewe, na chakula cha njiani kwenye kikapu.

Walifika saa saba kasoro. Wakashuka barabarani, wakafuata njia ya miguu kandokando ya tuta la reli, na daraja likajitokeza mbele yao. Kinyozi anasimulia kwamba mkewe alisimama ghafla kama aliyeitwa. Alikuwa akilijua kila tundu lake, na hakuwa amejua ukubwa wake. Kwenye karatasi mguu ule ulikuwa mrefu kama kidole. Sasa ilimbidi ainue kidevu kuuona unapoishia. Akasema polepole, "Kumbe lina kutu," kama mtu anayemwona rafiki wa utotoni ana mvi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kushoto. Haukuwa pale mchoro ulipouweka. Mtu alikuwa ameukata chini na juu, akausogeza nje shibiri moja na vidole vinne, akaufunga upya kwa vipande vya chuma vyenye bolti na nati badala ya ribiti. Ilikuwa kazi ya haraka, lakini nati zote zilikuwa zimekaa kwenye mstari mmoja. Bi Rula alipitisha rula yake juu yake na kuona kwamba hakuna hata moja iliyotoka nje ya safu.

"Umepoteza nini hapo, dada?"

Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na jembe begani. Nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka pale, na bustani ya nyanya ilishuka hadi karibu na mto. Alikuwa mnyapara wa waliojenga lile daraja, na kazi ilipokwisha na miaka ya kustaafu kutimia alirudi akajenga kando yake. Tangu hapo watu wa pale hawakumwita kwa jina lingine isipokuwa Mnyapara.

Bi Rula alimwamkia, akamuuliza nani aliyeusogeza mguu ule. Mnyapara akasema ni yeye, na kama wametumwa na ofisi kuja kumlaumu wamechelewa, ana pensheni yake tayari. Alipohakikishiwa kwamba hawakutumwa na mtu, aliweka jembe chini na kuwasimulia. Alisema walipomaliza kusimamisha chuma, yeye hakuiamini ile kona. Akatengeneza fremu ya mbao yenye upana na urefu wa behewa refu, akaiweka juu ya kitoroli cha reli, akaisukuma na vibarua wawili. Ikagonga. Akaandika barua ofisini, akangoja. Mvua zilikuwa zinakaribia na jukwaa la mbao lilikuwa bado mtoni. Akaandika ya pili. Kimya. Basi akaamua. Lawama angeweza kuibeba, alisema, lakini mto hauwezi kubebwa na mtu. Walikata na kufunga kwa siku nne, na siku ya sita maji yakaja yakazoa kila ubao. Hakushukuriwa wala kuadhibiwa. Ni kama vile hakufanya kitu.

"Miaka yote hii," Mnyapara alisema, "nilitamani nimwone mtu mmoja tu. Huyo aliyetuletea ile karatasi."

Kinyozi alitazama viatu vyake. Bi Rula angeweza kunyamaza, na pale mtoni hapakuwa na mtu wa kumsuta.

"Mimi ndiye niliyeinakili," alisema. "Sikuichora, lakini mkono ulikuwa wangu. Karatasi ya njia pia. Nilikuwa nazo zote mbili na sikuona."

Mnyapara alimtazama sana. Kisha akauliza swali ambalo hawakulitarajia: je, ni yeye aliyekuwa akiandika saba yenye kijimstari katikati? Bi Rula akakubali. Mzee akaanza kutabasamu. Akasema karatasi ile iliangukia mtoni siku ya pili ya kazi, wakaiopoa, wakaianika juu ya jiwe, na ilipokauka hapakuwa na mstari uliofifia wala tarakimu iliyochanganya mtu. Mafundi wake, ambao nusu yao hawakumaliza shule, waliisoma kama uso wa mama yao. Kosa lilikuwa la kichwa, alisema, na vichwa vilikuwa vingi. Mkono ule wao waliusifu.

Bi Rula alifungua mkoba wake, akatoa futi ya kamba, akamwomba mzee amshikie ncha ya pili.

Walipima alasiri nzima, yule wa ofisini na yule wa porini, wakibishana kuhusu milimita. Kinyozi alipoona hana kazi, akatoa mkasi ambao hauachi nyumbani, akasubiri. Walipomaliza alimkalisha Mnyapara kwenye kigoda kando ya nyanya na kumnyoa nywele na ndevu bila malipo. Bi Rula aliokota mvi zote, akazitia kwenye bahasha. Mnyapara aliuliza za nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka Kinyozi akasitisha wembe.

Wiki tatu baadaye mzee akaja mjini kuliona daraja dogo. Bi Rula alikuwa amelibadilisha: mguu wa kushoto umesogea, bolti zake ni vichwa vya pini vilivyokatwa. Mnyapara aliinama mpaka jicho lake likawa usawa wa reli. Akaomba kiti. Behewa refu likapita, likakwepa mguu kwa nafasi ya karatasi mbili, na mzee akanyoosha kidole kuonyesha kwamba ngazi ya wakaguzi imewekwa upande usio wake. Bi Rula akaihamisha kabla chai haijapoa.

Huenda mambo yangeishia hapo, wazee wawili na treni yao. Lakini saluni ni mahali ambapo kila mtu hupita, na miezi kadhaa baadaye akapita mhandisi wa reli. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyehamishiwa mji ule karibuni. Katikati ya kunyolewa alisikia mngurumo chumba cha nyuma, akauliza, na Kinyozi, ambaye hakuhitaji kuulizwa mara mbili, akampeleka na shuka la saluni likiwa bado shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado.

Mhandisi alilitambua daraja mara moja. Alilisifu, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Kisha akasema kwa upole kwamba ila hapa mama amekosea kidogo: mguu wa kushoto umetoka nje.

"Sikukosea," Bi Rula alisema. "Ndivyo ulivyo."

Mhandisi akasema anajua ndivyo ulivyo, kwani uko kwenye taarifa ya wakaguzi. Uliwahi kugongwa na kitu zamani, ukapinda, ukafungwa kwa bolti. Lakini mchoro unaonyesha ulivyotakiwa kuwa, na chuma kipya kimeshaagizwa. Mwezi ujao watauondoa na kusimamisha mguu ulionyooka, kama mchoro unavyosema.

Kinyozi anasema mkewe hakupandisha sauti hata kidogo. Alikwenda kwenye kopo la vipuri, akatoa mguu wa kwanza, ule aliouondoa. Akautoa uliosogea, akauchomeka ule wa mchoro. Akarudisha treni mwanzo wa kona, akamwambia mhandisi ashike swichi mwenyewe.

Mhandisi alibonyeza. Kichwa kikapita. Mabehewa ya mizigo yakapita. Behewa la abiria likafika mlangoni, tak, likaanguka mtoni.

Mhandisi aliliokota behewa, akapuliza mvi zilizolishika, akalirudisha relini mwenyewe, akabonyeza tena. Likaanguka tena. Ndipo Bi Rula alipozibandika karatasi mbili dirishani, doa la bizari na yote, na kumwonyesha mahali kona inapoanzia. Mhandisi aliifuata kona ile kwa kidole mpaka mlango wa daraja. Alipogeuka aliuliza kama mtu aliyeusogeza mguu yuko hai. Kisha akaondoka kwa haraka, na Kinyozi ikabidi amkimbilie barabarani, kwa kuwa mhandisi wa shirika la reli alikuwa anaelekea ofisini na nusu ya kichwa.

Wakubwa wake walikuja siku tatu baadaye, wanne, wakabanana kuzunguka mlango ule uliolazwa juu ya mapipa. Behewa likaanguka mbele yao mara nne, kwani kila mmoja alitaka kubonyeza swichi. Walikwenda kupima darajani na kukuta vipimo vya Bi Rula havihitaji kuguswa. Kazi ya kusimamisha mguu mpya ikafutwa. Mnyapara alipelekewa barua, ya kwanza kutoka ofisini tangu alipoandika zake mbili, ikimshukuru kwa jambo alilofanya akiwa na nywele nyeusi. Alimwomba Bi Rula amsomee kwa sauti, ingawa alijua kusoma.

Kilichobaki ni karatasi. Daraja lilihitaji mchoro wa vile lilivyo, na mhandisi, ambaye angeweza kuutoa kwenye kompyuta kwa siku moja, alikuja kumwomba Bi Rula autengeneze kwa wino. Aliufanya kwa wiki mbili, karibu na dirisha, Mnyapara akiwa kando yake kumkosoa. Chini kulia mwa kila mchoro huwa kuna kisanduku chenye majina ya waliohusika. Kwa miaka thelathini na mmoja herufi zake zilikaa kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa aliyenakili. Safari hii aliandika jina lake zima juu, mahali pa aliyechora, na mahali pa aliyepima akaandika la Mnyapara. Mstari wa aliyenakili aliupiga kistari.

Nakala moja Kinyozi aliitundika saluni, palipokuwa na picha za mitindo ya nywele. Wateja walilalamika kwamba sasa hawajui waonyeshe nini wakitaka kunyolewa. Yeye huwaambia wachague ribiti.

Siku hizi Mnyapara huja kila mwanzo wa mwezi na kukaa siku mbili. Yeye husimulia njia yote ilivyo, kutoka stesheni ya kwanza: wapi walikuta mwamba, wapi kalvati ya kupitisha maji chini ya reli iliongezwa bila kuandikwa, wapi waliusogeza mnara wa maji kwa sababu ya chemchemi. Bi Rula huchora kwanza, kisha hujenga. Wamefika kilomita ya arobaini. Wifi, ambaye alisema yote yale, ndiye anayemkusanyia makopo ya maziwa mtaa mzima, na hataki kukumbushwa alichosema.

Mlango mmoja hautoshi tena. Mwezi uliopita walitoboa ukuta, na reli ikatoka chumba cha nyuma, ikaingia saluni, ikapita chini ya vioo. Kinyozi alipima na kuona kwamba kwa kona ile, viti vitatu haviwezi kukaa. Aliondoa kimoja. Wateja wakimuuliza, husema kile kiti kilikuwa hakina watu wengi.